Kadi yangu imekombwa laki tisa usiku wa manane, mume anasema ni dada wa kazi. Inawezekana kweli?

#1 Mama Watatu
Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa sebuleni hapa Forest Mpya, Mbeya, dada yuko jikoni anapika, na mimi nashindwa hata kumwangalia usoni. Ndiyo maana nimekuja kuuliza.

Jumanne nimeamka nikakuta SMS tatu za benki, zote zimeingia kati ya saa 9:12 na saa 9:31 usiku. Ya kwanza dola 1. Ya pili dola 149.99. Ya tatu dola 212. Ukizigeuza ni kama laki tisa na arobaini, pesa niliyokuwa nadunduliza kwa ajili ya ada ya mwezi wa kwanza. Majina ya maduka siyajui, ni ya nje huko. Kadi yangu hiyo ya mkopo haijapotea, ipo kwenye droo chumbani palepale.

Sasa sikilizeni. Mwezi wa nne nililipia kozi ya mtandaoni ya mdogo wangu. Miwani sikujua nimeiacha wapi, nikampa dada kadi anisomee namba mimi nikiandika kwenye simu. Akasoma za mbele, tarehe, na zile tatu za nyuma. Mume wangu aliposikia hilo tu akasema basi, mwizi kapatikana, kesho twende naye kituoni.

Binti ana miaka 19, ametokea Makete, ana mwaka na miezi minne kwangu. Sijawahi kupoteza hata mia. Mwanangu wa mwisho anamwita mama mdogo. Mtu akisoma namba mara moja anaweza kufanya haya? Na mimi nifanyeje?

#2 Mzee wa Kabwe
Mpeleke. Watoto wa siku hizi wanajua simu kukuzidi wewe na mumeo mkijumlishwa. Unasubiri akombe na akaunti ya baba?

#3 Nyanya Chungu
Kabla ya polisi, kadi umeifungisha? Maana umeeleza yote ila hilo.

#4 Mama Watatu
Nimepiga benki saa 1 asubuhi, wameifunga. Asante mpendwa.

#5 Tarakimu
Pole sana mama. Nilikaa kitengo cha kadi miaka sita kabla sijarudi Tukuyu kulima parachichi, kwa hiyo niruhusu niongee kidogo.

Kwanza nisahihishe jina. Kama ilikula pesa yako ya ada, hiyo siyo kadi ya mkopo, ni kadi ya akaunti. Ya mkopo inakula kwanza pesa ya benki, wewe unadaiwa baadaye, unapata nafasi ya kubisha kabla hujalipa. Ya kwako inachota kwenye akaunti moja kwa moja, ndiyo maana inauma zaidi na ndiyo maana uwahi kujaza fomu ya kupinga muamala. Visa na Mastercard zina utaratibu wa kurudisha, lakini muda una kikomo, mara nyingi siku 120. Usiseme utaenda wiki ijayo.

Pili, itazame ile dola 1. Mtu mwenye njaa ya kuiba akishapata kadi hajaribu na dola 1, anavuta. Dola 1 ni mtu, au programu, inayogonga mlango kusikia kama kuna mtu ndani. Zipo programu zinazobuni namba za kadi usiku kucha. Namba ni 16. Sita au nane za mwanzo ni za benki, zinajulikana. Ya mwisho haibuniwi, inakokotolewa kutokana na zilizotangulia. Zinabaki za katikati. Tarehe ya kuisha, kwa kadi ya miaka mitano, ni miezi 60 tu ya kujaribu. Za nyuma ni 000 hadi 999, yaani elfu moja, na kuna maduka ya nje ambayo hayaziulizi kabisa. Kwa hiyo kadi yako inaweza kuibiwa hata kama tangu uipewe benki hujawahi kuitoa kwenye bahasha.

Waulize benki swali moja: miamala hii ilifanywa kwa mashine na namba ya siri, au mtandaoni? Na je, kuna SMS ya namba ya uthibitisho iliyotumwa kwako usiku ule?

#6 Dogo Iyunga
Hii chai haina tangawizi. Dada wa kazi wa Makete anajua dola?

#7 Mkinga Halisi
@Dogo Iyunga tafuta lingine la kusema. Wakinga wanaagiza mizigo China wewe ukiwa bado unaomba nauli ya bajaji. Kujua dola siyo dhambi na kutokea Makete siyo ujinga.

#8 Kihesa Juu
Kamwene. Mimi niko Iringa, na nikiusoma uzi huu mikono inanitetemeka.

Mwaka 2019 zilitoka laki tatu na kitu, kidogo kidogo, kwa wiki mbili. Nilikuwa na binti kutoka Mufindi, mtoto mpole, hata kicheko chake ukikisikia ujue amekusahau kwamba upo. Kadi niliwahi kuiacha mezani, nikasema ni yeye. Nikampekua begi stendi mbele ya abiria kabla hajapanda gari la Mafinga. Sikukuta kitu, nikamwambia umeshazificha.

Wiki tatu baadaye mwanangu wa miaka 11 ananionyesha kwa furaha jinsi mchezo wake wa kwenye simu ulivyo na silaha zote na almasi zote. Kadi niliwahi kulipia kitu kwenye ile simu, ikabaki imehifadhiwa. Mtoto alikuwa anabonyeza tu, hajui hata kama ni pesa.

Nilimpigia yule binti. Akapokea mama yake. Akasema, mwanangu hataki kuongea na wewe, akakata. Nilituma pesa, zikarudishwa. Mpaka leo.

#9 Nyanya Chungu
Dah, #8. Zikarudishwa.

#10 Ilomba Kwetu
Sawa, lakini tusimgeuze kila dada kuwa malaika. Yangu ilikuwa hivi: namba ya siri nilikuwa nimeiandika kwenye kikaratasi, nikaikunja na kuiweka pochi moja na kadi. Siku ya Jumapili nikiwa kanisani, dada akaenda mashine ya kutolea pesa, akatoa laki nne, akarudisha kadi mahali pake. Benki walitazama kamera ya pale kwenye mashine, ni yeye, na kitenge changu kajifunga. Aliungama mwenyewe kabla hatujafika kituoni. Kwa hiyo hutokea.

#11 Tarakimu
@Ilomba Kwetu hutokea, sikatai. Ila yako ilikuwa kadi yenyewe na namba ya siri, hapahapa mjini, mchana. Ya Mama Watatu ni dola, usiku wa manane, maduka ya nje, kadi haijatoka droo. Huo ni wizi mwingine kabisa. Ukishuku, mshuku mtu kwa wizi unaofanana na nafasi aliyo nayo.

#12 Mzee wa Kabwe
Tarakimu unaongea kisomi lakini umeruka kitu. Binti hakulazimika kununua yeye. Angeweza kuzipiga picha akamtumia mpenzi wake aliyeko Tunduma, huyo naye akamuuzia mwingine. Pale mpakani kuna vijana wa kila nchi na wa kila ujanja. Laki tisa na arobaini kwa binti wa mshahara wa elfu themanini ni karibu mwaka mzima wa kupiga deki.

#13 Mkinga Halisi
Kama ni mshahara wa mwaka mzima, mbona bado yuko jikoni anapika?

#14 Jua la Uyole
Mimi kwangu aliyeshukiwa ni dada, aliyeiba ni mpwa wa mke wangu. Alikuwa anasoma chuo hapa Mbeya, anakaa kwetu. Usiku nikilala anachukua simu yangu, anahamisha kutoka benki kwenda laini yake, anafuta ujumbe, anairudisha chini ya mto. Namba yangu ya siri ilikuwa mwaka wangu wa kuzaliwa. Usiku nne, laki sita na arobaini. Tulimhoji dada siku mbili nzima, mpwa amekaa pembeni anakunywa chai na kutikisa kichwa kwa masikitiko. Ilipotoka taarifa ya akaunti, jina la aliyepokea likawa lake.

Damu huwa haishukiwi. Anayeshukiwa ni yule ambaye ukimkosea hakuna kikao cha ukoo kitakachokuita.

#15 Zamani Sisimba
Sikuwa nataka kuandika humu. Huwa nasoma tu.

Mimi nilikuwa dada wa kazi, mtaa wa Sisimba, 2009 hadi 2012. Nilikuja nikiwa na miaka 17. Siku moja elfu hamsini ya baba ikakosekana. Niliitwa sebuleni, begi langu likamwagwa mbele ya watoto, nguo zangu za ndani zikainuliwa moja moja. Nikaambiwa nivue nguo chumbani, mama anipekue. Nilivua. Nilikuwa nalia lakini nilivua, kwa sababu ningeenda wapi saa 2 usiku na nauli sina?

Pesa ilikutwa kwenye koti lililokuwa limepelekwa kwa dobi. Dobi ndiye aliyeileta, tena imekunjwa vizuri. Kesho yake asubuhi nikatumwa Soweto sokoni kununua ndizi kama vile hakuna kilichotokea. Hakuna aliyesema samahani hata kwa bahati mbaya.

Tangu siku ile, kila nikirudi sokoni nilikuwa nahesabu chenji kwa sauti mbele ya mtoto wao wa miaka mitano. Nilitaka awe shahidi wangu. Mtoto wa miaka mitano. Nilifanya hivyo miaka miwili.

Mama Watatu, umemuuliza? Sisemi kumhoji. Kumuuliza, kama unavyoweza kumuuliza mdogo wako.

#16 Kihesa Juu
Ndugu yangu wa #15, nimesoma mara tatu. Sina la kuongeza.

#17 Mzee Baraka
Wanangu mnahangaika. Kuna mzee huku kwetu, unampelekea jina la kila aliyemo ndani, anakuonyesha mtu kwenye maji. Elfu ishirini tu.

#18 Nyanya Chungu
Hiyo ni ramli chonganishi, baba, kwa heshima zote. Zimevunja koo na zimeua watu wasio na hatia nchi hii, nazo ni kosa kisheria. Na aliyeonyeshwa kwenye maji siku zote ni yule ambaye mteja alishamtaja kabla hajakaa kwenye mkeka.

#19 Mzee Baraka
Nimekusikia, mwanangu.

#20 Laela Damu
Wakati tunasubiri mrejesho, hii miamala isijekuwa ya wale wa "ile pesa tuma kwenye namba hii"? Natania. Najua mtaanza kututaja sisi wa Rukwa.

#21 Jua la Uyole
Tusiwataje vipi, wakati ripoti za TCRA, mamlaka ya mawasiliano, zenyewe zimekuwa zikiitaja Rukwa na Morogoro juu kwenye majaribio ya ulaghai wa simu?

#22 Laela Damu
Ndiyo, na matokeo yake mimi mwalimu wa hisabati nikijitambulisha kwamba natoka Laela watu wanashika mifuko. Nilinyimwa chumba cha kupanga pale Nzovwe kwa sababu hiyo. Unaona jinsi inavyofanana na huyu binti? Mmoja akikosea, wilaya nzima inabeba. Halafu ni SMS zile zile, dawa yake ni kuzipeleka namba 15040, na kupiga *106# uone kama kuna laini usiyoijua imesajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Hiyo ya kadi ni kitu kingine, wala haihitaji laini ya mtu.

#23 Mkinga Halisi
Na sisi wa Njombe na Iringa tuna yetu: "mabinti wa Iringa ni wachapakazi, wavumilivu." Linasemwa kama sifa. Maana yake halisi ni kwamba hatalalamika.

#24 Wakili Kijijini
Niingie kwa upande wa sheria, kwa ufupi.

Wizi wa namna hii unaangukia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na polisi wanaoweza kuufuatilia wapo. Mama, fungua taarifa ya tukio, chukua RB, yaani namba ya taarifa yako polisi, ambatanisha na fomu ya benki. Eleza kilichotokea. Kutaja jina la mtu bila ushahidi hulazimiki.

Usimfungie ndani, usichukue simu yake, usimvue nguo, usizuie mshahara wake ili "kufidia". Kila kimoja hapo kinaweza kukugeuza wewe mshtakiwa. Na ukitaka kumwachisha kazi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamhusu na yeye wa jikoni. Amepita miezi sita kazini, anahitaji sababu ya haki na kusikilizwa. Anayelipwa kwa mwezi anapewa notisi ya siku 28, na kama ulimchukua Makete, nauli ya kumrudisha alikotoka ni juu yako. Akiona ameonewa ana siku 30 kwenda CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, tena hapo hapo Mbeya, na chama cha CHODAWU wapo kwa ajili ya wafanyakazi wa majumbani.

#25 Mzee wa Kabwe
Siku 28 kwa mwizi. Nchi hii bwana.

#26 Wakili Kijijini
Kwa mwizi aliyethibitishwa mambo hubadilika, mzee wangu. Tatizo ni hilo neno "aliyethibitishwa".

#27 Fundi Mwanjelwa
Mimi natengeneza simu, nina wazo tofauti na Tarakimu. Siamini sana hizo programu za kubuni. Ninachokiona kila siku kwenye simu za wateja ni picha za kadi, mbele na nyuma, zimelala kwenye galari pamoja na picha za harusi. Simu ikienda kwa fundi na nywila anapewa, picha zote ameziona. Simu ikiuzwa haijasafishwa, zinaenda nazo. Mama, uliwahi kuipiga picha kadi yako?

#28 Mama Watatu
Nimesoma yote. Nimelia kwenye #15, na ninakushukuru uliyeandika.

Majibu. Benki wamesema ni mtandaoni, hakuna namba ya siri iliyotumika, na hawaoni kama namba ya uthibitisho ilitumwa. Wamenipa fomu, nimejaza, wanasema nisubiri.

@Fundi Mwanjelwa ndiyo. Nimefungua simu sasa hivi. Ipo, mbele na nyuma. Nilimtumia mdogo wangu WhatsApp mwaka jana alipokwama kulipia kitu. Nilishasahau kabisa. Na simu hii ilibadilishwa kioo mwezi wa nane.

Halafu kuna lingine ambalo sikulisema kwa sababu nilikuwa naona aibu. Mwezi wa tisa ilikuja SMS kwamba mzigo wangu umekwama, nilipie ada ndogo. Nilikuwa kweli nasubiri mzigo. Nikabonyeza, nikaandika namba za kadi, ukurasa ukazunguka ukazunguka ukakata. Nikafikiri ni mtandao.

#29 Nyanya Chungu
Mama!

#30 Tarakimu
Basi huyo ndiye wa kwanza kwenye foleni yangu, nimeacha ya programu. Ukurasa wa uongo wa mzigo ndiyo njia wanayopenda: unaandika namba, tarehe na zile tatu za nyuma kwa mkono wako mwenyewe. Wanaweza kukaa nazo wiki kadhaa kabla ya kuzitumia, hasa zikiuzwa kwa wengine.

#31 Ilomba Kwetu
Na mdogo wako je? Hamumtaji?

#32 Mama Watatu
Mdogo wangu hawezi.

#33 Jua la Uyole
Ndivyo mke wangu alivyosema kuhusu mpwa wake. Neno kwa neno.

#34 Mzee wa Kabwe
Hata hivyo dada bado yumo kwenye orodha. Nahesabu: dada, mdogo, fundi wa kioo, wa mzigo, na hiyo mashine ya Tarakimu. Watano. Mimi bado nabaki na dada.

#35 Zamani Sisimba
Nimesoma hesabu yako, mzee. Kati ya hao watano, ni mmoja tu anayelala chini ya paa ambalo kesho anaweza kuambiwa atoke.

#36 Dogo Iyunga
Niliongea vibaya kule juu, nisamehewe. Mama mmoja hapa mtaani kaniambia na yeye zilimtoka hivyo hivyo, alilipia hoteli safarini, mhudumu akaondoka na kadi dakika kumi. Mama Watatu, hiyo nayo haijatokea?

#37 Mama Watatu
Imetokea. Mwezi wa saba, tulipokwenda msibani Dar. Sitaandika ni wapi.

#38 Fundi Mwanjelwa
Sita.

#39 Kihesa Juu
Na watoto wanachezea simu ipi? Usiku saa 9 pengine walikuwa wamelala, lakini kadi ikiwa imehifadhiwa mahali kuna malipo hujikata yenyewe kwa saa za huko nje. Tazama, nakuomba. Mimi sikutazama.

#40 Tarakimu
Hilo nalo lina mantiki, japo majina ya maduka ungeyatambua. Yaandike hapa bila namba yoyote, tuone. Na benki wakikujibu kwa kusuasua, Benki Kuu wana dawati la malalamiko ya wateja, na tawi lao lipo hapo mjini Mbeya. Ukipewa kadi mpya, zima malipo ya mtandaoni mpaka siku unayoyahitaji, na picha ile ifute, kwako na kwa mdogo wako.

#41 Zamani Sisimba
Umemuuliza?

#42 Mama Watatu
Jana usiku mume wangu alianza kufunga mlango wa chumba chetu kwa ufunguo. Nilimwambia asifanye hivyo, akasema mpaka benki watujibu.

Leo asubuhi dada alikuja na ndoo na tambara kupiga deki kama kawaida, akakuta mlango umefungwa. Akashika kitasa mara moja tu. Nilikuwa nimesimama kwenye korido. Akaniuliza, "Mama, chumbani leo nisifute?" Nikasema usifute, nitafuta mwenyewe. Akasema sawa.

Mchana nimempa elfu kumi aende Kabwe akanunue mchele na mafuta. Amerudi, ameketi chini kwenye zulia, akamwita mwanangu wa mwisho, akaanza kumhesabia chenji.